Uzi: Viashiria vya protini na njia za ishara katika saratani ya kibofu cha mkojo. Kipi kinabashiri kweli, kipi kinapotosha?

Darubini40

Wakuu, uzi huu ni wa wanaosoma slaidi, wanaoandika tasnifu na wanaotibu saratani ya kibofu. Protini zinazodaiwa kubashiri mwenendo wa ugonjwa huu ni nyingi mno, ila zinazobadilisha uamuzi wa daktari ni chache. Napendekeza tuzipitie kwa kufuata njia za ishara ndani ya seli, maana protini moja ikisomwa peke yake hupotosha.

Msingi kwanza. Takribani robo tatu ya wagonjwa hugunduliwa saratani ikiwa bado haijaingia kwenye msuli wa kibofu (Ta, T1, au CIS, ile bapa ya daraja la juu). Waliobaki tayari imeshaingia msulini, T2 na kuendelea. Nyuma ya makundi hayo kuna njia mbili zinazopishana.

Njia ya kwanza ni ya FGFR3, kipokezi cha ishara za ukuaji kwenye utando wa seli. Badiliko la jeni linaloonekana zaidi ni S249C: linaweka sisteini mahali pa serini, vipokezi viwili vinafungana vyenyewe bila kusubiri kichocheo cha nje, na ujumbe unateremka kupitia RAS, RAF, MEK na ERK, na pia kupitia PI3K na AKT. Uvimbe wa namna hii huota kuelekea uwazi wa kibofu, hurudi mara kwa mara, lakini mara nyingi haupenyi. Mabadiliko ya FGFR3 na ya RAS ni nadra kukutana kwenye uvimbe mmoja, kwa kuwa yote mawili yanasukuma mlango uleule.

Njia ya pili ni ya TP53 na RB1, jeni zinazotengeneza protini za p53 na RB. Hapa breki za mzunguko wa seli zimekatika, kromosomu zinavurugika, na uvimbe unaanzia kwenye CIS au daraja la juu na kupenya mapema.

Mipaka hii ina matobo. Uvimbe wenye FGFR3 iliyobadilika ukipoteza nakala zote mbili za CDKN2A (kromosomu 9p21), p16 (protini-breki inayotokana na jeni hiyo) inaondoka, na hatari ya kupenya msuli inapanda. Kwa hiyo "FGFR3 ipo, mgonjwa yuko salama" ni sentensi ya kuepuka.

Karibuni.

---

BlokuNaParafini

Mkuu Darubini40, kabla hatujafika kwenye rangi za slaidi tuanzie chumba cha upasuaji, kwa sababu matokeo mengi ya ovyo yanazaliwa pale.

Tishu ya kibofu hukwanguliwa kwa waya wa umeme. Kingo zinaungua, viini vya seli vinarefuka na kuwa vyeusi, na protini zinaganda. Eneo lililoungua hunywa rangi ya kahawia bila mpangilio, au halinywi kabisa. Sheria yangu: mahali ambapo huwezi kusoma daraja kwa rangi ya kawaida ya H&E, usihesabu protini yoyote. Chagua bloku (kipande cha parafini kilichobeba tishu) yenye tishu hai na, ikiwezekana, yenye msuli, ili ujue kama unasoma juu ya ukingo unaopenya au juu ya uvimbe wa uwazini. Ki-67 (protini ya seli zinazogawanyika) ya sehemu hizo mbili huweza kutofautiana sana ndani ya mgonjwa mmoja.

Formalini iwe asilimia 10 yenye bafa, tishu iingie ndani ya saa moja tangu ikatwe, ikae saa 6 hadi 72. Chini ya saa 6, katikati ya kipande hubaki hakijaiva na parafini inakifunga hivyohivyo. Ikizidi sana, antijeni zinafichwa na kuzifichua kunakuwa kazi.

Kata mikroni 4. Kwa viashiria vingi vya kiini cha seli (p53, Ki-67, GATA3, RB), kufichua antijeni kwa bafa ya pH 9, nyuzi 95 hadi 98 za Selsiasi kwa dakika 20, ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya hapo acha slaidi zipoe polepole kwenye bafa hiyohiyo. Ukizitoa ghafla, vipande vidogo vya kibofu vinabanduka. Zuia peroksidasi ya asili kwa haidrojeni peroksaidi asilimia 3 kwa dakika 10. Ukiruka hatua hii kwenye sampuli yenye damu nyingi, na za kibofu huwa na damu nyingi, chembe nyekundu na nyeupe zinageuka kahawia na anayehesabu kwa kompyuta anazihesabu kama seli chanya.

---

Njia_ya_AKT

Naongezea kwenye hilo la saa moja, kwa sababu ndilo linaloua tafiti za njia ya PI3K.

p-AKT, p-ERK na p-S6 ni protini zenye fosfeti iliyopachikwa. Tishu ikikatwa, vimeng'enya vinavyopachika na vinavyobandua fosfeti vinaendelea kufanya kazi mpaka formalini ivifikie. Formalini hupenya takribani milimita moja kwa saa, kwa hiyo kipande kikubwa cha kibofu kilichoondolewa chote kina p-ERK nzuri pembeni na tupu katikati. Mtafiti anaandika "uvimbe hauna p-ERK" kumbe amesoma ukimya wa formalini.

Ukitaka kuisoma njia hii kwa haki:

Tumia vipande vidogo vya biopsi, andika dakika tangu kukatwa hadi kuzamishwa, na tupa sampuli zisizo na rekodi hiyo. Kwenye slaidi ileile tafuta seli za mishipa ya damu au za tabaka la chini zenye p-ERK au p-S6. Zikiwa chanya na uvimbe ukiwa hasi, hasi hiyo ina maana. Zote zikiwa hasi, andika "haisomeki". Usiandike sifuri.

Kwa upande wa jeni, PIK3CA hubadilika hasa kwenye E542K na E545K, na TSC1, breki ya mTOR, hupotea kwa baadhi ya wagonjwa. TSC1 ikipotea, mTOR inafunguka bila kuhitaji AKT. Kwa hiyo uvimbe unaweza kuwa na p-AKT ya chini na p-S6 ya juu kabisa; anayepima p-AKT peke yake atasema njia imelala wakati sehemu ya chini inawaka. PTEN, breki ya PI3K, ukiipima kwa rangi, linganisha na stroma (tishu ya kushikiza inayozunguka uvimbe), ambayo lazima iwe chanya.

---

mwanafunzi_patho

Wakuu shikamooni. Swali langu ni p53. Makala za zamani zinasema chanya ni asilimia 10 ya viini, nyingine 20, nyingine 50. Nishike ipi?

---

Darubini40

Marahaba. Achana na kizingiti kimoja, soma mpangilio. p53 ina sura nne:

Ya kawaida: viini vingine hafifu, vingine wastani, vingine havina kitu, vimechanganyika. Hata ikifika asilimia 40 bado ni ya kawaida kama nguvu ya rangi inapishana.

Iliyorundikana: karibu viini vyote vya uvimbe vina rangi kali inayofanana. Hii ni alama ya badiliko linalobadilisha amino asidi moja. p53 mbovu haiwashi MDM2, na MDM2 ndiyo inayoipeleka p53 kwenye kuvunjwa, kwa hiyo protini inajaa.

Tupu kabisa: hakuna kiini cha uvimbe chenye rangi, huku limfosaiti na seli za mishipa zikiwa na rangi hafifu. Protini imekatika njiani au jeni imefutika. Stroma nayo ikiwa tupu, jaribio limefeli, rudia.

Ya saitoplazimu: rangi nje ya kiini. Ni nadra, mara nyingi eneo la kuiingiza protini kwenye kiini limeharibika.

Sasa ona tatizo la asilimia 10. Inawaweka p53 ya kawaida yenye asilimia 15 pamoja na iliyorundikana ya asilimia 95, na inawaita waliopoteza p53 kabisa "hasi", yaani wazuri. Makundi mawili ya hatari yamegawanywa pande mbili tofauti.

Jaribio kubwa lililochapishwa 2011 liliwagawa wagonjwa walioondolewa kibofu (pT1 na pT2, tezi za limfu hazina saratani) kwa p53 yenye kizingiti cha asilimia 10, kisha wenye p53 chanya wakagawanywa kwa bahati nasibu kupata dawa za kemikali za MVAC au kufuatiliwa tu. p53 haikubashiri kurudi kwa ugonjwa, na dawa haikuonyesha faida. Wengi waliokataa kugawanywa waliidhoofisha nguvu ya takwimu, hilo ni kweli, lakini namna ya kupima p53 nayo lazima ihojiwe.

---

BrekiZaMzunguko

Kwenye jambo hili p53 isisimame peke yake. Tafiti zilizopima p53, p21, p27, RB na saiklini kwa pamoja zilionyesha kwamba idadi ya viashiria vilivyoharibika inabashiri vizuri kuliko kimoja chochote. Kibaiolojia inaeleweka: p53 huiwasha p21, p21 huizuia CDK2, na RB iliyobaki bila fosfeti huishikilia E2F, inayowasha mgawanyiko wa seli. Seli yenye p53 mbovu ambayo bado inatengeneza p21 kwa njia nyingine haijakosa breki zote.

RB ina mtego wake. Wengi wanaisoma hivi: ipo ni nzuri, haipo ni mbaya. Kumbe RB iliyojaa kwa nguvu kwenye kila kiini nayo ni mbaya, kwani mara nyingi ni RB iliyopachikwa fosfeti kupita kiasi baada ya p16 kupotea au saiklini D1 kuzidi. Ipo kwa macho, haifanyi kazi. Soma RB na p16 kwenye slaidi mbili zinazofuatana:

RB tupu na p16 kali sana: RB1 imepotea, p16 inapanda kwa kuwa hakuna wa kuizuia.
RB kali na p16 tupu: CDKN2A imepotea.
Zote za wastani zenye kuchanganyika: huenda njia hii iko salama.

Ndiyo maana p16 kali kwenye kibofu usiitafsiri kuwa virusi vya HPV, kama wanavyofanya wenzetu wa koo. Hapa mara nyingi inasema RB imeondoka.

---

mwanafunzi_patho

Ahsanteni sana. Na CIS dhidi ya seli zilizochokozwa na uvimbe-joto (inflamesheni), au baada ya BCG (chanjo ya kifua kikuu inayowekwa kibofuni kama tiba)? Zote zinakuwa na viini vikubwa.

---

BlokuNaParafini

Paka rangi CK20 (keratini), CD44 (protini ya utando) na p53 kwa pamoja. Tabaka la kawaida lina CK20 kwenye seli za juu kabisa tu, na CD44 kwenye seli za chini. Lililochokozwa hubaki na CK20 juu au kuipoteza, huku CD44 ikipanda tabaka zima. CIS kwa kawaida ina CK20 unene mzima, CD44 imetoweka kwenye seli za saratani, na p53 imerundikana au tupu. Ki-67 haisaidii sana hapa, kwa sababu uchokozi nao unaipandisha.

CIS nyingine hazina CK20. Ikiwa H&E inapiga kelele CIS na CK20 ni hasi, amini H&E.

---

Njia_ya_AKT

Turudi FGFR3, kuna mkanganyiko wa kipimo. Rangi ya protini ya FGFR3 inaonyesha wingi wa kipokezi, haionyeshi badiliko la jeni. Uvimbe wenye badiliko mara nyingi una protini nyingi, ila wapo wenye protini nyingi bila badiliko, hasa kwenye saratani iliyopenya. Kwa uamuzi wa dawa, pima DNA: eksoni 7 (R248C, S249C), eksoni 10 (G370C, Y373C) na eksoni 15 (K650). Uchangamano wa FGFR3 na TACC3 (jeni mbili zilizoungana kuwa moja) unahitaji RNA kwa vipimo vingi, na RNA ya tishu iliyoungua kwa waya huwa imevunjika vipande vifupi. Ripoti isiyo na ubora wa RNA uliotajwa, halafu inasema "hakuna uchangamano", haijasema kitu. Omba bloku nyingine.

Angalizo la majina: Y373C na Y375C ni badiliko lilelile, tofauti ni toleo la protini lililotumika kuhesabu. Usiwahesabu wagonjwa mara mbili unapounganisha data.

Ubashiri: kwenye Ta ya daraja la chini FGFR3 iliyobadilika ni jambo la kawaida, kwa hiyo haitenganishi watu. Kwenye T1 ya daraja la juu inaanza kuwa na maana, ikiambatana na mwenendo mpole zaidi. Ikiunganishwa na Ki-67 inakuwa na nguvu zaidi: FGFR3 iliyobadilika na Ki-67 ya chini upande mmoja, FGFR3 ya kawaida na Ki-67 ya juu upande wa pili.

Kwa ugonjwa uliosambaa, FGFR3 ni kiashiria cha dawa. Erdafitinib iliidhinishwa Marekani kwa masharti Aprili 2019, na kwa ukamilifu Januari 2024 kwa wenye mabadiliko ya FGFR3. Katika jaribio la THOR muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 12.1 dhidi ya 7.8 ya dawa za kemikali. Fosfeti ya damu inapanda kwa wengi kwa sababu dawa inazuia pia ujumbe wa FGF23 figoni; kupanda huko kunaonyesha dawa imelifikia lengo, na lazima kufuatiliwe.

---

Kizingiti_ni_kipi

Naombeni nafasi ya upande wa takwimu, ndipo viashiria vingi vinapofia.

Moja, kizingiti. Mtu ana Ki-67 za wagonjwa 150, anajaribu 5, 10, 15, 20, 25, anachagua chenye thamani ndogo zaidi ya p, kisha anaandika p = 0.03. Ukiendelea kutafuta hivyo kwenye kila kizingiti kinachowezekana, uwezekano wa kupata matokeo ya uongo unaweza kupanda kutoka 5% hadi karibu 40%. Panga kizingiti kabla ya kuona matokeo, au tumia Ki-67 kama namba endelevu. Ukilazimika kuchagua kutoka kwenye data, thibitisha kwenye kundi jingine kabisa.

Mbili, hesabu matukio, usihesabu wagonjwa. Wagonjwa 200 wenye matukio 30 ya kupenya msuli, kwa kanuni ya matukio 10 kwa kila kigezo, wanabeba vigezo 3. Hatua, daraja na CIS vimeshazimaliza nafasi. Ukiongeza protini sita hapo, modeli inakariri data yako.

Tatu, swali sahihi ni: kiashiria kinaongeza nini juu ya tunachokijua tayari? Makundi ya hatari ya EAU (chama cha Ulaya cha madaktari wa mkojo) ya 2021 kwa saratani isiyopenya msuli yanatenganisha hatari ya ugonjwa kuendelea ndani ya miaka 5 kuanzia takribani 1% kwa kundi la chini hadi takribani 40% kwa kundi la juu sana, kwa kutumia hatua, daraja, CIS, umri, idadi na ukubwa wa uvimbe tu. Weka modeli hiyo kwanza, kisha ongeza protini yako. Ripoti C-indeksi (uwezo wa modeli kutenganisha wenye hatari kubwa na wenye ndogo) kabla na baada, na onyesha kama hatari iliyotabiriwa inalingana na iliyotokea. Kumbuka makundi hayo yalitokana na wagonjwa wasiotibiwa kwa BCG, kwa hiyo kwa waliotibiwa yanakadiria hatari kubwa kuliko ilivyo.

Nne, wagonjwa hawa wengi ni wazee na wavutaji sigara. Wanafariki kwa moyo na mapafu kabla saratani haijarudi. Grafu ya Kaplan-Meier ya "kupenya" inayowafuta waliofariki inakuza hatari. Tumia uchambuzi wa hatari zinazoshindana.

Tano, tenganisha kubashiri na kutabiri mwitikio wa dawa. Kusema p53 inatabiri faida ya sisplatini kunahitaji kundi lisilopewa dawa na mwingiliano kati ya kiashiria na tiba. Kundi lililotibiwa lote haliwezi kulijibu swali hilo.

---

Darubini40

Mkuu Kizingiti, hoja ya tano imefunga mjadala mwingi wa ERCC2. Hiyo ni jeni ya kukarabati DNA. Ikibadilika, seli inashindwa kuondoa uharibifu wa sisplatini na uvimbe unayeyuka zaidi kabla ya upasuaji. Inapimwa kwa DNA. Rangi ya protini haitaonyesha, kwa kuwa protini iliyobadilika bado ipo.

---

Tabaka_la_chini

Aina za kimolekuli kwa waliopenya msuli: makubaliano ya 2020 yalitumia sampuli 1,750 na kutoa aina sita: luminali ya vichipukizi 24%, luminali isiyobainishwa 8%, luminali isiyotulia 15%, yenye stroma nyingi 15%, basali/skwamasi 35%, na ya kineva-endokrini 3%.

Zile ni aina za RNA (luminali hufanana na seli za tabaka la juu la kibofu, basali na za chini). Kwa slaidi tunakaribia tu: GATA3 na CK20 kwa luminali, CK5/6 na CK14 kwa basali. CK5/6 chanya na GATA3 hasi ni basali, na wakiachwa bila tiba ya kimfumo ubashiri wao ni mbaya zaidi. Ila CK5/6 iliyo kwenye ukingo wa chini tu wa kila kiota ni ya luminali ya vichipukizi, hasa yenye FGFR3, usiiite basali. Basali inachukua kiota kizima. Yenye stroma nyingi huwezi kuipata kwa protini hizi, kwa sababu inafafanuliwa na tishu inayozunguka.

Seli ndogo zenye sinaptofisini (kiashiria cha kineva-endokrini) na RB tupu ziwekwe pembeni mara moja, tiba yake ni nyingine. Saratani ya skwamasi tupu, ikiwemo ya kichocho, nayo isichanganywe humu: CK5/6 chanya pale ni hali yake ya kawaida, haibashiri kitu.

---

BrekiZaMzunguko

Na TGF-β? Naona kila makala sasa inaitaja.

---

Tabaka_la_chini

Iangalie ilipo. Ishara ya TGF-β kwenye fibroblasti za stroma ilihusishwa na kushindwa kwa atezolizumab, dawa ya kinga, kwenye uvimbe ambao seli T zimebaki pembeni bila kuingia (jaribio la IMvigor210, makala ya 2018). Kwa hiyo pima CD8 na uandike mahali: ndani ya viota, pembezoni, au hakuna. Namba ya CD8 bila mahali inapoteza nusu ya habari. E-kadherini (protini inayoshikanisha seli) ikipotea kwenye ukingo unaopenya ni dalili mbaya, lakini isomwe kwenye utando. Rangi iliyohamia saitoplazimu ihesabiwe kuwa imepotea.

---

BlokuNaParafini

PD-L1 (protini inayozima seli za kinga), kwa kifupi, kwa sababu watu wanachanganya mizani. Kingamwili ya 22C3 inatumia mzani wa CPS: jumla ya seli za saratani, limfosaiti na makrofaji zenye rangi, gawanya kwa seli zote hai za saratani, zidisha kwa 100. Kizingiti 10, na lazima kuwe na seli hai za saratani zisizopungua 100. Kingamwili ya SP142 inatumia eneo la uvimbe lililokaliwa na seli za kinga zenye rangi, kizingiti 5%. Usihamishe namba ya mzani mmoja kwenda mwingine. Uwezo wake wa kubashiri ni dhaifu: kwenye jaribio la EV-302 enfortumab vedotin na pembrolizumab zilitoa muda wa kati wa kuishi wa miezi 31.5 dhidi ya 16.1 ya dawa za kemikali, na wagonjwa waliingia bila kuchaguliwa kwa PD-L1 wala Nectin-4 (protini inayolengwa na enfortumab vedotin).

HER2 (protini ya jeni ERBB2): kwenye kibofu utando huweza kuwa na rangi pembeni na chini tu, juu pakabaki wazi. Andika ni mwongozo gani ulitumika, wa tumbo au wa titi, la sivyo 2+ yako na 3+ ya mwenzako huenda ni slaidi ileile. Aina ya mikropapilari ichunguzwe kila mara, kwani ERBB2 huongezeka nakala mara nyingi zaidi pale.

---

mwanafunzi_patho

La mwisho: nina slaidi zilizokatwa miezi mingi iliyopita zikawekwa kwenye kabati. Naweza kuzitumia kwa PD-L1 na p-S6?

---

BlokuNaParafini

Hapana. Antijeni iliyo wazi kwenye slaidi inaoksidika, na hizo mbili ni kati ya zinazopungua. Rudi kwenye bloku, tupa mikato michache ya juu, kata upya na upake rangi ndani ya wiki chache. Bloku zenyewe nazo zikiwa za miaka tofauti, weka umri wa bloku kwenye modeli kama kigezo na uchore grafu ya alama za PD-L1 dhidi ya mwaka. Mstari ukishuka kadiri bloku zinavyozeeka, unachokiona ni uhifadhi. Slaidi za kabatini zitumie kwa H&E na kujifunzia kusoma daraja.